Kimelea Kilichoonekana na Kisichoaminiwa: Malaria, Hadubini na Mlima Kilimanjaro

Tunapofundisha historia ya dola katika nchi hii, huwa tunaanzia kwenye boma, mkataba na risasi. Moshi ina vyote hivyo: boma la Wajerumani kule Old Moshi, vita vya Mangi Meli, na mti alionyongewa tarehe 2 Machi 1900. Upo hata hivyo waraka mwingine wa dola ambao hatuusomi darasani. Ni kipande cha kioo chenye urefu wa kidole, kilichopakwa tone la damu ya mtu na kuwekwa chini ya hadubini. Kwa zaidi ya miaka 120 watawala, madaktari na watafiti wamekuwa wakichungulia damu ya watu wa nchi hii kupitia kioo hicho, na walichokitafuta zaidi ni kimelea cha malaria ndani ya chembe nyekundu.

Hoja ninayoileta hapa ni rahisi kuisema na ngumu kuimeza. Kimelea kilionekana mapema, na kilionekana vizuri. Kilichokosekana, hasa hapa mlimani, ni mamlaka ya kile kilichoonekana. Jibu la hadubini liliandikwa kwenye karatasi, kisha uamuzi ukafanywa kana kwamba karatasi haipo.

Nianze na kilichoonekana, kwa kuwa wengi wetu tulikariri shuleni kwamba malaria huletwa na mbu jike wa Anofelesi, tukaishia hapo. Mwaka 1847 daktari wa Kijerumani, Heinrich Meckel, aliona chembechembe za rangi nyeusi katika damu na viungo vya maiti, bila kujua ni nini. Tarehe 6 Novemba 1880, katika hospitali ya kijeshi mjini Constantine, Algeria, Alphonse Laveran wa Ufaransa aliitazama damu mbichi ya askari mgonjwa. Akaona kwamba rangi ile nyeusi imo ndani ya kiumbe hai, kiumbe kilichotoa mikia na kujitikisa mbele ya macho yake. Wenzake hawakumsadiki haraka. Miaka michache baadaye Camillo Golgi, Mwitaliano, aliunganisha saa ya homa na saa ya kupasuka kwa chembe: vimelea hukua pamoja, hukomaa pamoja na kupasua chembe pamoja, na hapo ndipo mgonjwa hutetemeka. Homa ya vipindi ambayo binadamu aliijua kwa maelfu ya miaka ikapata ratiba yake ndani ya damu.

Ratiba hiyo, kwa kimelea kinachotuua zaidi, Plasmodium falciparum, ni ya takriban saa 48. Kimelea kikishaingia ndani ya chembe nyekundu huonekana kwanza kama pete nyembamba yenye kidoti kimoja, mithili ya pete ya kidoleni yenye kito. Kwa muda wa karibu siku nzima hubaki hivyo. Kisha hunenepa, huanza kula himoglobini, na mabaki ya mlo huo ndiyo rangi nyeusi aliyoiona Meckel. Hatimaye hujigawa kuwa vimelea vidogo kumi na zaidi, chembe ikapasuka, na kila kimoja kikatafuta chembe mpya. Baadhi huacha mzunguko huo na kugeuka kuwa vimelea vya kiume na vya kike vinavyomsubiri mbu. Vitabu huvieleza kuwa na umbo la hilali. Sisi wa huku tungesema umbo la ndizi.

Lipo jambo moja katika ratiba hii ambalo litatusaidia mbele, hivyo naomba msomaji alishike. Kimelea cha falciparum kinapokomaa huiotesha chembe vinundu vidogo kwenye ngozi yake, na vinundu hivyo huifanya chembe ing'ang'anie kuta za mishipa midogo ya ubongo, kondo na viungo vingine. Huko hukwepa bandama, ambayo kazi yake mojawapo ni kuchuja chembe zilizoharibika. Marchiafava na Bignami waliiona mishipa ya ubongo iliyojaa chembe za namna hiyo mjini Rome mwishoni mwa karne ya 19. Vinundu vyenyewe vilisubiri hadubini ya elektroni ya karne ya 20. Mwaka 1975 wanasayansi wa Marekani walipiga filamu ya kimelea hai, cha aina ya malaria ya nyani, kikiivamia chembe nyekundu, na mwaka 1976 William Trager na James Jensen wakafanikiwa kukuza falciparum maabara nje ya mwili wa binadamu, jambo lililofungua mlango wa kuitazama kila saa ya maisha yake. Maana ya yote haya kwa mpimaji wa Moshi ni kwamba tone la damu alilolichukua kidoleni humwonyesha pete, na pengine ndizi. Vimelea vilivyokomaa vimejificha ndani.

Sasa turudi nyumbani. Robert Koch, daktari maarufu kuliko wote wa Ujerumani wakati huo, alifika Dar es Salaam mwaka 1897 na kukaa hadi mwaka uliofuata, akichunguza magonjwa ya mifugo na malaria. Alipanda pia Usambara kutafuta mahali ambapo Mzungu angeweza kuishi bila homa. Huko aliandika jambo ambalo kila mwanafunzi wa historia ya sayansi katika nchi hii angepaswa kulijua. Wenyeji wa milimani walimweleza kwamba mtu akishuka bondeni hurudi na homa, na kwamba homa hiyo hutokana na wadudu. Ugonjwa na mdudu waliviita kwa jina moja: mbu. Agosti 1897 hiyo hiyo Ronald Ross, nchini India, alikuwa akipasua matumbo ya mbu na kukuta kimelea, ugunduzi uliompa Tuzo ya Nobel mwaka 1902. Sidai kwamba wakulima wa Usambara walistahili Nobel. Ninachodai ni kwamba nadharia ya mwinuko na mbu ilikuwa maarifa ya kawaida ya watu waliokuwa wakipanda na kushuka milima, na Koch aliinukuu kama dokezo la wenyeji huku vioo vyake vikihesabiwa kuwa ndiyo sayansi.

Katika miaka hiyo hiyo, 1895 hadi 1898, alikuwapo katika koloni hili mfamasia kijana aitwaye Gustav Giemsa. Aliporudi kwao aliajiriwa katika taasisi ya magonjwa ya nchi za joto mjini Hamburg, na mwaka 1904 akachapisha kichocheo cha rangi ambayo hadi leo inabeba jina lake. Rangi ya Giemsa, iliyojengwa juu ya kazi ya Mrusi Romanowsky, huipaka kiini cha kimelea wekundu wa zambarau na mwili wake bluu, kiasi kwamba pete inajitokeza wazi ndani ya chembe. Mpimaji yeyote wa maabara nchini analijua jina Giemsa. Sijakutana na mtaala unaomwambia kwamba mwenye jina hilo aliwahi kufanya kazi ya dawa katika ardhi hii.

Hadubini ya wakati huo haikuwa chombo kisicho na upande. Mwaka 1901, kwa kufuata mbinu ya Koch, daktari Ollwig alianza kupima damu za wakazi wa Dar es Salaam na kuwapa kwinini waliokutwa na vimelea. Kwa macho ya afya ya jamii ulikuwa mpango wenye mantiki: tafuta kimelea, kiue, mbu akose cha kubeba. Kwa macho ya anayepimwa, ilikuwa ni serikali iliyokuja kuchukua damu baada ya kuja kuchukua kodi. Tena Koch na wenzake walipoonyesha kwamba watoto wasioonekana wagonjwa hubeba vimelea, watawala wa makoloni mbalimbali ya Afrika waliona hoja ya kuwatenga Wazungu na makazi ya Waafrika. Mtoto wa Kiafrika akaitwa hifadhi ya ugonjwa. Na tusisahau kwamba damu haikuwa sehemu pekee ya mwili iliyochukuliwa. Mwaka 2023 taasisi ya makumbusho ya Berlin ilitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimeyaunganisha mabaki ya binadamu yaliyotoka Kilimanjaro na jamaa zao walio hai. Koch mwenyewe, mwaka 1906 na 1907, alikuwa visiwa vya Ssese, Uganda, akiwadunga wagonjwa wa malale dawa ya atoxyl ambayo iliwapofusha baadhi yao.

Mlima wenyewe ulikuwa na mpangilio wake. Wachagga walijenga vihamba vyao katika ukanda wa migomba, juu ya tambarare, na mashamba ya msimu yakawa chini, mahali pa kulima mchana na kurudi. Sababu zilikuwa nyingi, maji na udongo na usalama, lakini homa ya chini ilikuwamo. Ukoloni uliubadilisha mpangilio huo kwa reli. Treni ya kutoka Tanga ilipofika mwaka 1911 haikupanda mlima, na mji wa Moshi ukahamia ilipo stesheni, kwenye tambarare. Ardhi ilipobana juu, vizazi vilivyofuata vilishuka: kwenye mashamba ya miwa ya Arusha Chini, na baadaye kwenye mpunga wa umwagiliaji wa Moshi Chini, mradi uliojengwa kwa msaada wa Japani miaka ya 1980. Ukitoka Mabogini kwenda Kibosho ni safari fupi ya gari, lakini kwa mbu ni nchi mbili.

Waingereza nao walihesabu. Chini ya taasisi ya malaria ya Amani, iliyoongozwa na Bagster Wilson, mradi wa Pare-Taveta ulianza mwaka 1954 katika ukanda unaotazamana na Kilimanjaro, pande zote mbili za mpaka wa Tanganyika na Kenya. Nyumba zilipuliziwa dieldrini hadi mwaka 1959. Vioo vya damu ya watoto vilikusanywa kabla, wakati na baada ya upuliziaji, na vimelea vilipungua sana. Kisha upuliziaji ukakoma, na ufuatiliaji ukaendelea hadi katikati ya miaka ya 1960, wakati nchi imekwisha kuwa huru. Mradi ule ulithibitisha kwamba malaria inaweza kushushwa, ukaacha takwimu nzuri, na haukuacha utaratibu wa kudumu. Msomaji aliyefanya kazi serikalini atalitambua jambo hilo.

Nafika sasa kwenye sehemu iliyonifanya niandike. Hospitali ya KCMC ilifunguliwa Moshi mwaka 1971 na ikawa, pamoja na Mawenzi ya serikali, mahali ambapo homa za mlima mzima na tambarare zake hukutana. Mwaka 2002 na 2003 watafiti waliokuwa na makao Moshi, wakiongozwa na Hugh Reyburn, walifuatilia hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania. Walichukua wagonjwa 4,474 waliolazwa wakiwa na hali mbaya na kutibiwa malaria kali. Vioo vyao vikasomwa upya kwa uangalifu. Waliokutwa na vimelea walikuwa 2,062, yaani asilimia 46.1. Zaidi ya nusu hawakuwa na malaria, na mwenendo huo ulikuwa mbaya zaidi katika maeneo ya juu yenye maambukizi kidogo. Vifo ndivyo vinavyouma. Kati ya waliokuwa na vimelea walikufa asilimia 6.9, kati ya wasio na vimelea walikufa asilimia 12.1. Kuitwa mgonjwa wa malaria bila kuwa na malaria kulikuwa hatari kuliko malaria yenyewe, kwa sababu ugonjwa halisi ulibaki bila jina, na si wote waliopewa hata antibiotiki.

Miaka mitano baadaye, kuanzia Septemba 2007 hadi Agosti 2008, kundi jingine likiongozwa na John Crump liliuliza swali lililofuata papo hapo Moshi, katika KCMC na Mawenzi: kama si malaria, ni nini? Wagonjwa 870 waliolazwa na homa walichunguzwa kwa vipimo ambavyo hospitali zetu hazinavyo kwa kawaida. Madaktari walikuwa wameandika malaria kwa wagonjwa 528, asilimia 60.7. Waliokuwa na malaria kweli ni 14. Soma tena: 14, asilimia 1.6. Waliobaki walikuwa na maambukizi ya bakteria na fangasi katika damu, chikungunya, brusela, homa ya Q, homa zinazoenezwa na kupe, na leptospirosisi. Wengine hawakupata jina hata baada ya vipimo vyote.

Ugonjwa huo wa mwisho una somo lake. Julai 2022, watu walipougua na wengine kufa wilayani Ruangwa, mkoani Lindi, taifa zima lilishtuka, na serikali ikatangaza jina ambalo wengi walilisikia kwa mara ya kwanza: homa ya mgunda. Leptospirosisi hiyo hiyo ilikuwa imeshaandikwa katika damu za wagonjwa wa Moshi karibu miaka 15 kabla. Ilikuwa imefichwa na neno moja.

Kwa nini kioo hakikuaminiwa? Jibu jepesi ni uzembe wa waganga, nami silikubali. Kwanza, waganga walifundishwa hivyo. Kwa miongo kadhaa mwongozo rasmi ulisema homa itibiwe kama malaria mpaka ithibitishwe vinginevyo. Klorokwini ilikuwa ya bei ya chini, hadubini zilikuwa chache, na kwa mtoto wa Muheza au Kilombero wa miaka ya 1980 mwongozo huo uliokoa maisha. Kosa lilikuwa kuandika waraka mmoja kwa nchi yenye mwinuko wa aina nyingi, na mtoto wa Marangu akatibiwa kana kwamba amezaliwa Rufiji. Klorokwini iliachwa mwaka 2001 kwa sababu vimelea vilikuwa sugu, SP iliyofuata haikudumu, na dawa mseto ya ALu ikachukua nafasi yake. Dawa zilibadilika mara mbili huku mazoea ya kuandika malaria yakibaki palepale.

Pili, shaka ya mganga ilikuwa na punje ya ukweli, na hapa ndipo lile jambo la vimelea kujificha linaporejea. Anajua kwamba pete huonekana kwa saa fulani na vimelea vilivyokomaa huning'inia kwenye mishipa. Kwa hiyo kioo kisicho na kimelea asubuhi hakimalizi mjadala. Dawa ya shaka hiyo inajulikana, nayo ni kurudia kioo baada ya saa kadhaa. Kurudia kunahitaji mpimaji, rangi safi, umeme na muda. Bila hivyo, elimu ya kweli ya sayansi hugeuka kisingizio. Katika jaribio jingine la watafiti wa kanda hii hii, lililochapishwa mwaka 2007, takriban nusu ya wagonjwa waliopimwa na kukutwa hawana vimelea waliandikiwa dawa ya malaria vilevile, iwe kipimo kilikuwa hadubini au kipimo cha haraka. Mimi mwenyewe, katika kituo kimoja ambacho sitakitaja, niliwahi kupewa dawa mseto pamoja na karatasi iliyoandikwa kwamba vimelea havikuonekana. Nilipouliza, nilijibiwa kwa upole, "Mwalimu, huwa vinajificha."

Tatu, mgonjwa naye ana sehemu yake. Malaria ni neno linalofariji. Lina dawa, lina bei, lina siku tatu. Kumwambia mama aliyetembea kutoka kijijini na mtoto mwenye joto kwamba hatujui ni nini, kunahitaji ujasiri ambao mshahara wa zahanati haulipii.

Kipimo cha haraka, mRDT, kilisambazwa nchini katika miaka iliyofuata, na ni haki kusema kwamba kimepunguza sana kubahatisha. Hakionyeshi kimelea, kinanasa protini ambayo falciparum huitoa, na hutoa mstari. Nakisifu, lakini nina wasiwasi wa mwanahistoria. Chombo kipya kinapoingia, ufundi wa zamani hufa kimyakimya. Mstari hausemi vimelea ni vingapi wala viko hatua gani, na unaweza kubaki wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Wapo pia vimelea vilivyopoteza jeni la protini hiyo, vinavyoweza kupita bila mstari kuonekana.

Na hitaji la macho linarudi. Mkoani Kagera watafiti wa Kitanzania na washirika wao wamethibitisha vimelea vyenye mabadiliko ya jeni yanayovifanya vistahimili kwa kiasi dawa za kundi la artemisinini, ambazo ndizo nguzo ya dawa mseto. Dalili yake ya kwanza ni ya kale kabisa: siku ya tatu ya matibabu, pete bado ziko ndani ya chembe nyekundu. Mwenye kuliona hilo ni mtu aliyeketi mbele ya hadubini, mwenye kioo kilichopakwa Giemsa, anayehesabu leo, kesho na keshokutwa na kuandika namba tatu. Tangu Marekani iliposimamisha misaada mwanzoni mwa mwaka 2025, suala la nani analipa mshahara wa mtu huyo, rangi yake na umeme wake limekuwa la kwetu kuliko lilivyokuwa wakati wowote tangu uhuru. Zahanati na vituo vya afya vingapi katika Rombo, Hai, Siha na Moshi Vijijini vina mpimaji anayeweza kuhesabu namba hizo tatu? Wizara inaweza kulijibu swali hilo kwa jedwali la ukurasa mmoja, na ningependa mbunge yeyote wa Kilimanjaro alidai jedwali hilo kabla ya bajeti ijayo ya afya kupitishwa.